MIEZI YA NYUMBANI

Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Ifakara, mwaka 2025



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kukutana siku ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu wawili tulioanza nao ambao hatunao tena. Tunaomba tusimame dakika moja tuwakumbuke.

Ahsanteni. Tukae.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwezi wa Julai mwaka 2015. Tulikuwa akina mama 18. Tulikutana barazani kwa mwenzetu mmoja kwa sababu siku hiyo alikuwa ameanika mpunga na hakuweza kuuacha na kuku. Leo tuko 30. Hisa moja tulianza na shilingi 500, sasa ni shilingi 2,000. Sanduku ni lile lile, ila kufuli zimebadilishwa mara mbili kwa sababu ya kutu, na si mnajua hali ya hewa ya hapa kwetu.

Huu mtindo wa sanduku na kufuli tatu hatukuubuni sisi. Tulipofundishwa tuliambiwa kwamba ulianzia nchi ya Niger mwaka 1991, huko Afrika Magharibi, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Baadaye ukafika Tanzania na kuitwa VICOBA. Kwa hiyo wapo akina mama wenzetu huko jangwani ambao hatujawahi kuonana nao, hawali wali kama sisi, lakini wanahesabu hela kama tunavyohesabu sisi, mbele ya kila mtu, kwa sauti.

Wengine wanauliza kwa nini tulianza Julai. Hatukuchagua kwa bahati. Julai ndiyo mwezi ambao mama wa Ifakara ana hela mkononi. Wageni wetu mliotoka mbali, labda tuwaeleze kidogo, maana bila kuujua mwaka wetu hamwezi kuujua mfuko wetu.

Kwetu mwaka una sehemu mbili. Kuanzia Novemba au Desemba, mvua zikianza, nyumba nyingi zinahamia shamba. Wengine wako Idete na Namwawala, wengine ng'ambo ya mto upande wa Minepa na Lupiro. Unafunga godoro, sufuria, mbegu na mtoto mgongoni, unakwenda kuishi kwenye kibanda. Kulima, kupanda, kupalilia, halafu kuanzia Machi kupigana na ndege. Mtu ambaye hajawahi kukaa dunguni kutwa nzima akipiga debe na kurusha mawe kwa kombeo, huyo akila wali anafikiri umetoka dukani. Mei na Juni tunavuna, tunapiga, tunapepeta. Ndipo tunarudi nyumbani.

Kuanzia hapo mpaka Oktoba ndiyo miezi ya nyumbani. Mto umeshuka, vumbi limeanza, usiku kuna ubaridi kidogo na shuka mbili zinatafutwa. Wasiojua wanaita miezi ya kupumzika. Jamani! Mama gani aliyepumzika mwezi wa nane? Ndiyo miezi ya kufyatua matofali, kuezeka, kuchimba choo, kuozesha, kutoa watoto jandoni na unyagoni kwa wenye mila hiyo, kumaliza tanga za wale waliofariki masika, kulipa madeni. Yote yanaangukia kwenye gunia zile zile za mpunga.

Tuanze na matofali, maana ndiyo yaliyobadilisha sura ya mitaa yetu. Tulipoanza, katika akina mama 18, waliokuwa na nyumba ya tofali za kuchoma na bati walikuwa wanne. Wengine tulikuwa kwenye fito na udongo. Leo katika 30 waliobaki kwenye nyasi ni watatu, na mmoja wao tumeona tofali zake zimeshapangwa tanuru. Udongo ni wa Mungu, kazi ya kufyatua wanafanya vijana wetu wa nyumbani, na kuchomea tunatumia pumba za mpunga kutoka mashineni. Zamani pumba zilikuwa uchafu, mwenye mashine anakushukuru ukizibeba. Sasa na zenyewe zinauzwa. Hata hivyo bado ni nafuu kuliko magogo, na miti yetu inapona.

Jambo moja tunaomba lisisahaulike. Shimo ulilochimba udongo wa tofali lifukie. Likibaki wazi, masika likajaa maji, umefuga mbu mlangoni kwako. Mji huu una wataalamu wa mbu wanaojulikana dunia nzima, pale kwenye Taasisi ya Afya Ifakara, na bado mtu ana shimo nyuma ya nyumba. Sisi wenye umri huu tunakumbuka mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilipoanza kuuzwa hapa Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Wengi tulikuwa na watoto wachanga. Tuliambiana kwamba dawa ile inaunguza ngozi, wengine wakasema inazuia kuzaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kwa watoto wadogo waliolala ndani ya vile vyandarua nafasi ya kuishi iliongezeka kwa asilimia 27. Sasa kuna akina mama wadogo humu ndani, wanachama wetu, ambao mama zao waliwalaza ndani ya chandarua kile. Kwa hiyo mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya kuhamia shamba, toa chandarua, kiangalie kwenye jua, shona matundu. Cha nyumbani kibaki nyumbani na cha shamba kiwe kingine, kwa sababu mbu wa kibanda cha shamba ndio wakali zaidi.

Choo pia ni kazi ya miezi hii. Ifakara maji yako juu, ukichimba Machi unakutana nayo kabla hujafika kiunoni. Agosti na Septemba ndiyo muda wake. Tuna utaratibu wa mkopo wa choo tangu 2019, wa miezi mitatu, na haujawahi kutuletea matatizo. Huo tunaupita.

Bustani nazo. Wenzetu wanaokaa karibu na mto Lumemo wanalima mchicha, matembele, bamia na nyanya wakati huu wa jua, na ndio wanaotulisha mboga mpaka Novemba. Mmoja wao alikopa pampu ya kukanyaga kwa miguu, akalipa kabla ya muda. Kuna wafuga nguruwe, kuna wafuga bata, kuna wanaoshona mikeka, kuna mama wa vitumbua ambaye kila mmoja wetu anamdai na anadaiwa naye. Wazee wetu walianza biashara ndogo ndogo kwenye kituo cha TAZARA tangu treni ianze miaka ya 1970, wakiuza ndizi, samaki na mchele dirishani. Biashara ya sinia kichwani hatukufundishwa na semina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miaka kumi haikuwa ya furaha tu. Januari 2016, kikundi kikiwa bado kichanga, pantoni ya mto Kilombero ilizama. Wote tuliokuwa na mashamba ng'ambo tulikuwa tunapanda pantoni ile na mbegu zetu. Wiki ile tulikaa kwenye mkutano na hakuna aliyenunua hisa zaidi ya moja, watu walikuwa wanahesabu ndugu. Mei 2018 daraja likafunguliwa, na tangu hapo mama anavuka na gunia lake hata usiku bila kumwomba mtu. Wenye miaka ishirini hamuwezi kujua uzito wa jambo hilo.

Halafu ikaja masika ya 2024. Wote tunajua maji yalivyokuwa. Mwenzetu anayetunza sanduku aliamka usiku maji yako kwenye kitanda. Alibeba sanduku kichwani, mtoto akabebwa na mumewe, wakalala kwenye darasa la shule na watu wengine wengi. Sanduku lile alilifunika kwa kanga akalifanya mto. Sasa, wenye funguo tatu walikuwa wapi? Mmoja amekwama shamba ng'ambo, mmoja yuko kwa ndugu zake Mang'ula, mmoja anauguza hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Siku tisa hela zipo na haziguswi, na wanachama saba hawana unga. Wapo waliosema tuvunje kufuli. Wapo waliosema tukivunja leo kwa shida ya kweli, mwakani itavunjwa kwa shida ya uongo. Ubishi ule ulikuwa mkali, na mpaka leo kuna dada wawili humu wanasalimiana kwa kifupi. Hatukuvunja. Tulichangishana mifukoni, unga ukapatikana, na siku ya kumi funguo zikakutana. Baada ya pale tukaamua nusu ya mfuko wa jamii isikae tena sandukuni, ikae kwenye simu, kwa namba ya kikundi, ili mtu akipatwa na janga usiku asaidiwe usiku ule ule.

Na ile mikopo ya Halmashauri ya asilimia nne kwa wanawake, isiyo na riba, tulishajaza fomu na kupiga picha za pasipoti, tukapendeza kweli kweli, mara Aprili 2023 ikasimamishwa nchi nzima. Ilirudi 2024. Picha tunazo, tumezitumia kwenye kijitabu hiki.

Sasa ndugu wanachama tufike kwenye jambo ambalo wengi mmekuja kulisikia, maana mmekuwa mkilisemea visimani. Mfuko wa miradi, yaani faini, ada na ile sehemu tunayobakiza kila mwisho wa mzunguko, umefika shilingi 7,200,000. Zipo hoja mbili. Hoja ya kwanza inasema hii ni miaka kumi, tugawane, kila mtu 240,000 aende nazo nyumbani. Hoja ya pili inasema tujenge ghala la mpunga la kikundi, kwenye kiwanja kile ambacho mtaa umekubali kutupangisha.

Sisi viongozi hatutaficha, tuko upande wa ghala. Lakini tutaeleza na ya upande mwingine, kwa sababu waliosema tugawane si wajinga.

Tazameni inavyokuwa. Mama amevuna gunia kumi. Juni bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza, na wanunuzi wanajua una shida. Wanakuja na lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, mnasema gunia moja kumbe ni gunia na robo. Sheria ya vipimo inakataza, lakini nani atabishana na lori lililowasha injini? Mama anauza gunia saba apate bati. Zinabaki tatu. Oktoba panakuja ugeni, panakuja msiba, zinabaki mbili. Januari mtoto anaingia kidato cha kwanza. Ada ya sekondari iliondolewa tangu 2016, tunaishukuru Serikali, lakini sare, madaftari, godoro la bweni na viatu havikuondolewa. Februari mama yuko dunguni, debe limekwisha, ananunua mchele dukani kwa kilo, mchele ambao huenda ni wake mwenyewe. Anakopa kwa mtu mwenye hela, analipa mavuno yakija, na analipa kwa mpunga: hela ya gunia moja Februari, gunia mbili Juni. Mpunga wake umeshaliwa ukiwa bado kijani shambani. Katika 30 tulioko hapa, mwaka huu waliokopa hivyo kwa watu wa nje ni tisa. Tuliwauliza mmoja mmoja kwa siri, majina hatutataja hata tukibembelezwa.

Ghala tunalolisema lingefanya hivi. Mama analeta gunia zake tano, kavu, zimepimwa kwa mizani ya kilo, zimeandikwa jina na namba. Anapewa karatasi. Kwa karatasi ile anakopa sandukuni mpaka nusu ya thamani ya bei ya siku hiyo. Anaezeka bati zake Julai ile ile. Desemba au Januari bei ikiwa nzuri anauza au anakoboa, analipa mkopo, kinachobaki anapeleka shule. Jambo hili si geni, lina sheria yake tangu 2005, Sheria ya Stakabadhi za Ghala, na wenzetu wa Mtwara wanalijua kwenye korosho. Sisi tunataka dogo, la kwetu, lenye kufuli tatu kama sanduku.

Kuna na sababu nyingine, na hapa akina baba tunaomba msinune. Mpunga ukiwa ndani ya nyumba una wenyewe wengi. Shemeji anaoa, gunia mbili. Baba ana deni la kilabuni, gunia moja, inatoka usiku. Na tusidanganyane, kuna nyumba hapa kwetu ambazo mavuno yakiwa mazuri mke wa pili anaonekana mwezi wa nane, na mvua zikianza anaondoka na kitenge chake. Mpunga ulioandikwa jina kwenye daftari la kikundi hautoki bila sahihi mbili, ya mama na ya baba. Tumesema mbili makusudi. Hatutaki mama amfiche mumewe, na hatutaki baba aamke kabla ya mama.

Upande mwingine wanasema nini? Wanasema panya. Kweli, panya wa bonde hili hawana mchezo, na ghala lisiloinuliwa sakafu ni hoteli yao. Wanasema moto, wanasema maji ya 2024, je yakirudi? Kwa sababu hiyo fundi ameambiwa msingi uwe juu ya alama ya maji ya mwaka ule, ile inayoonekana kwenye ukuta wa shule. Wanasema pia bei haipandi kila mwaka, na hili ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2013 mchele kutoka nje uliruhusiwa kuingia bila ushuru, bei ikaanguka, na waliokuwa wamehifadhi mpunga wakauza kwa uchungu. Wakulima wa Kilombero hawajasahau. Hatuwezi kumwahidi mtu hapa kwamba Januari itakuwa bora kuliko Juni kila mwaka. Ndiyo maana tunasema nusu ya thamani tu, wala si yote, na hakuna anayelazimishwa kuleta hata gunia moja.

Na mwenzetu mmoja, mjane, alisimama mkutano uliopita akasema, "Nyie mnaongea ghala, mimi sina cha kuweka humo." Alituziba midomo. Alivuna gunia tatu tu, ana wajukuu wanne, hizo tatu zinaliwa. Kwake 240,000 ni bati kumi hivi, na nyumba yake inavuja. Tumelifikiria jambo lake siku nyingi, na kamati imeleta pendekezo kwamba kabla ya ghala kuanza, itolewe kwanza hela ya kuezeka nyumba za wenzetu watatu waliobaki kwenye nyasi, kama mkopo usio na ada, wa miaka miwili. Ghala litakuwa dogo kidogo kuliko ramani. Wapo wanaosema hilo ni kupendelea. Waje waseme kwenye mkutano, wasiseme kisimani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuita ule nasi na uone kazi za mikono yetu. Hatukukuita utuchangie ghala, ingawa ukitaka kuleta mifuko miwili ya saruji hatutaifukuza. Tunaomba jambo moja kwako, utusemee kwa wahusika wa vipimo waje msimu ujao wa mavuno, Juni, wakati malori yapo. Wakija Septemba wanakuta pumba.

Ndugu wanachama, kura itapigwa mkutano wa Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, siyo saa kumi na nusu. Kila mmoja aje na daftari lake la hisa. Kura ni ya siri, kwa punje za mahindi na maharage: hindi ni ghala, haragwe ni kugawana. Ambaye mgonjwa atume mtu mwenye daftari lake na karatasi yenye sahihi. Wenye funguo msisafiri.

Chakula kiko tayari upande wa nyuma, wali wa mbawambili na kambale wa kukaushwa, na kwa wasiokula kambale kuna kuku. Wageni wataanza, halafu wazee, halafu watoto. Sisi wenyeji tutakula mwisho kama kawaida yetu.